Kitambulisho si Zawadi ya Chifu: Tamko Pekee Halitoshi, Tudai Sababu kwa Maandishi



Hebu wafikirie vijana wawili wa mtaa mmoja. Hata majina hatuhitaji, kwa sababu kila mmoja wetu anawajua wa kwao. Wamesoma shule moja, wamefanya KCSE mwaka mmoja, wametimiza miaka 18 mwezi mmoja. Wote wamezaliwa hospitali ile ile ya serikali, na vyeti vyao vya kuzaliwa vimepigwa muhuri ule ule.

Wa kwanza anaenda kwa chifu na cheti chake na nakala za vitambulisho vya wazazi. Anajaza fomu, anachukuliwa alama za vidole, anapigwa picha, anapewa karatasi ya kungojea. Kazi imekwisha. Wa pili anaenda na karatasi zile zile. Anaulizwa jina la babu, anataja. Anaulizwa kitambulisho cha babu. Babu alifariki zamani, na kitambulisho chake hakuna anayejua kiko wapi. Basi alete hati ya shamba. Alete wazee wa ukoo. Arudi siku kamati ikikaa. Kamati inakaa lini? "Wewe ngoja, utaambiwa."

Huyu wa pili hakukosa karatasi hata moja kati ya zile alizokuwa nazo mwenzake. Kilichomkwamisha ni jina lake, au kofia ya babake, au kaunti aliyotoka. Sisi Wakenya tumelipatia jambo hili jina: kupigwa msasa. Lakini tukumbuke msasa ni kitu cha fundi seremala. Hupigwa ubao wenye makovu mpaka ulainike. Hapa wanaopigwa ni watu, na ni watu wa aina fulani tu.

Leo tunataka kusema jambo moja, na tunaomba ulisome mpaka mwisho hata kama wewe mwenyewe una kitambulisho mfukoni. Kizuizi hiki hakikujengwa na sheria ambayo unaweza kuifungua ukaisoma. Kilijengwa na mazoea ya mezani, na hakitaondoka kwa tamko la jukwaani. Kitaondoka siku sheria itaandikwa vizuri, na siku kila anayekataliwa atakapodai sababu kwa maandishi badala ya kurudi nyumbani na "njoo kesho".

KADI MOJA, MILANGO YOTE

Wapo wanaosema, "Kitambulisho ni kadi tu, mnapiga kelele za nini?" Ndugu, anayesema hivyo hajawahi kukikosa.

Anza na masomo. Kijana amepita mtihani, ameitwa chuo kikuu. Ada ni kubwa, mzazi anauza mbuzi au anasukuma mkokoteni. Mkopo wa HELB upo kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini mtu mzima anauomba kwa nambari ya kitambulisho, na pesa zinapitia akaunti ya benki, ambayo nayo hufunguliwa kwa kitambulisho. Mwaka wa masomo haumngojei. Wenzake wanaripoti Septemba, yeye bado anatafuta mzee wa ukoo wa kumshuhudia. Akija kupata kadi baada ya miaka miwili, nafasi imeshakwenda, na pengine hamu ya kusoma imekwenda nayo.

Njoo kwenye kazi. Ukitaka kuajiriwa unahitaji PIN ya KRA, na PIN inataka kitambulisho. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi kinataka kitambulisho. NSSF inataka kitambulisho. Ukienda kwenye usajili wa polisi au jeshi, kitu cha kwanza kuangaliwa ni kitambulisho, na huko umri una kikomo: mwaka uliopotea kwa chifu haurudishwi na mtu yeyote. Na usidhani kazi ya kujiajiri ni rahisi zaidi. Leseni ya bodaboda, leseni ya biashara, kusajili kikundi cha vijana ili mpate zile zabuni za serikali ambazo asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kote huko utaulizwa kadi.

Sasa maisha ya kila siku. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Bila laini yako hakuna M-Pesa yako, na Kenya ya leo asiye na M-Pesa analipwa vipi? Anatumia laini ya dada yake au ya rafiki, na siku wakikosana pesa zake ziko kwa mwenzake. Kujiandikisha SHA ni kitambulisho. Kuingia jengo la ofisi mjini, askari wa geti anasema "acha ID hapa". Polisi akikusimamisha usiku, bila kadi wewe ni mshukiwa hata kama umetoka kuswali isha. Na siku ya kura, asiye na kadi hata kwenye sajili ya wapigakura hayumo.

Kwa hivyo tunapozungumza juu ya vizuizi vya jamii, vya elimu na vya kazi, usidhani ni vizuizi vitatu mbalimbali. Kwa maelfu ya vijana wetu ni kimoja, nacho kina upana wa meza ya chifu.

KUTOKA KIPANDE MPAKA MSASA

Wazee wetu bado wanakiita kitambulisho "kipande", na neno hilo lina historia yake. Mkoloni alipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kubeba karatasi ya alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ikiwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mzungu na Mhindi hawakubeba. Kipande kilikuwa cha kumzuia mfanyakazi asitoroke kwa tajiri wake. Ni moja ya dhuluma zilizowafanya watu wamfuate Harry Thuku, na Machi 1922 wakapigwa risasi Nairobi walipokusanyika kudai aachiliwe.

Angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani mnyonge alilazimishwa kubeba karatasi asiyoitaka. Baada ya uhuru mnyonge ananyimwa kadi anayoitaka. Lakini fikra ni ile ile, kwamba kuna watu wa kuaminiwa na kuna watu wa kuchunguzwa.

Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali, na wao peke yao, wafike mbele ya kamati za kuwahoji. Waliokubaliwa walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Fikiria wewe ni mwalimu au afisa wa serikali, na bado unahitaji kadi ya pili kuthibitisha kwamba ile ya kwanza si ya uongo. Hakuna jamii nyingine iliyoambiwa hivyo. Kadi ile ya waridi ilikuja kuachwa, lakini tabia ya kuhoji haikuachwa. Ilienea mpaka kwa Wanubi, kwa Waborana, kwa Wabajuni, kwa Waswahili na Waarabu wa mwambao, na kwa wenyeji wa kaunti za mpakani.

Wanubi wa Kibra wana ushahidi wao. Babu zao waliletwa kama askari wa King's African Rifles, wakapigana vita vya Mwingereza, wakawekwa Kibra. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kijana wa Kinubi anaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Kesi ya watoto wa Kinubi ilifikishwa kwa Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, na Machi 2011 Kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki yao ya uraia na haki yao ya kutobaguliwa. Hoja ni nyepesi, mtu yeyote anaielewa: mtoto hawezi kulelewa miaka 18 akiwa hajui kama siku ya kutimiza umri huo atakubaliwa kuwa mtu wa nchi hii.

"LAKINI USALAMA JE?"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila tukiuliza. Na tusilikimbie, kwa sababu watu wetu pia wanakufa katika mashambulizi hayo, na wanaotaka usalama kwanza ni wale wanaoishi mpakani.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu katika kaunti ya Mandera. Serikali yenyewe ndiyo iliyothibitisha hayo. Sasa tuambiane ukweli: mtoto wa chifu angekwamishwa na kamati gani ya msasa? Kamati inauliza babu yako ni nani. Haiwezi kuona moyo wako umebeba nini.

Tena msasa una hasara yake kwa usalama wenyewe. Mtu akisajiliwa, serikali inabaki na picha yake na alama za vidole vyake. Mtu akifukuzwa mlangoni, serikali haina chochote juu yake. Ukiwaacha nje ya sajili maelfu ya vijana, umepunguza unachojua juu ya watu wako, kisha unasema umejilinda.

Na hatujataja soda. Masharti yasipoandikwa popote, anayeyajua ni yule aliyekaa mezani peke yake, na mlango ukiwa na bawabu asiyeulizwa, bawabu hupanga bei. Mwenye pesa, awe raia au asiwe raia, anapita. Anayebaki nje ni mtoto wa mama mboga asiye na kitu kidogo cha kutoa. Hata kama nia ya msasa ilikuwa kumzuia mgeni mwenye nia mbaya, meza ya rushwa humpitisha yule yule anayeogopwa na kumzuia mwana wa nchi.

Hatusemi serikali isihakiki. Ihakiki. Iulize cheti cha kuzaliwa, iulize vitambulisho vya wazazi, iangalie rekodi za shule na hospitali. Lakini iulize Wakenya wote maswali yale yale. Swali linaloulizwa kwa Abdi na Fatuma peke yao si swali la usalama.

SI SISI PEKE YETU

Tahadhari moja, ndugu. Tusiligeuze jambo hili kuwa kilio cha Waislamu tu, kwa sababu si kweli, na kwa sababu tutajipunguzia nguvu.

Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Walikata mkonge, wakazaa, wakazikana hapa, na watoto wao hawakuwa na karatasi. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na ndipo wakaanza kupewa vitambulisho. Washona walikuja kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakieneza injili, wakabaki hapa miongo mingi bila uraia. Ilikuwa Desemba 2020 Rais alipotangaza kwamba wanatambuliwa. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi ambao familia nyingi zao ziko pwani yetu tangu kabla ya uhuru, walitambuliwa Julai 2023. Kabla ya hapo mvuvi wa Kipemba aliingia baharini na hofu mbili, hofu ya mawimbi na hofu ya kuulizwa leseni, ambayo hakuweza kuipata bila kitambulisho.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe, walipewa panga la mkonge na nyavu pia. Wamefanya kazi miaka sabini, themanini. Sasa ni siku ya ngapi ndipo mtu anaacha kuitwa mgeni?

Angalia pia namna walivyopata. Wamakonde walilazimika kutembea mpaka Nairobi. Wengine walingoja sherehe ya taifa au ziara ya Rais. Haki ikishakuwa kitu cha kutangaziwa kwenye sherehe, watu huanza kuipokea kama zawadi na kushukuru. Shukrani si mbaya, lakini Katiba haikusema "zawadi".

TAMKO LA WAJIR NA KILICHOBAKI

Mwanzoni mwa Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini tamko la kukomesha msasa wa kitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Wengi walifurahi, na sisi tulifurahi. Kiongozi kusimama hadharani na kukiri kwamba watu hawa walibaguliwa si jambo dogo. Halikukosa wapinzani pia. Kuna wanasiasa waliolipinga wazi wazi, ati mpaka umeachwa wazi.

Sasa tufikirie bila pupa. Tamko ni kauli ya aliye madarakani. Aliyetia saini anaweza kubadilisha, na atakayekuja baadaye anaweza kubadilisha. Sheria ya Usajili wa Watu bado inamwachia msajili nafasi kubwa ya kudai ushahidi wa ziada, bila kusema wazi ushahidi huo ni upi, unatosha lini, na lazima ajibu ndani ya siku ngapi. Katika nafasi hiyo ndimo msasa ulimozaliwa. Unaweza kuufukuza kwa jina lake na ukarudi kwa jina lingine: "uhakiki", "uthibitisho", "mfumo uko chini".

Na mfumo wenyewe ni mfano mzuri. Miaka hii tunaambiwa dijitali itamaliza ubaguzi kwa sababu kompyuta haina kabila. Ilipokuja Huduma Namba, Wanubi kupitia Nubian Rights Forum, pamoja na watetezi wengine wa haki, walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo usiendelee mpaka uwekewe sheria za kutosha, na ikakataa kabisa ukusanyaji wa DNA. Mahakama iliona pia kwamba kuna watu wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa karatasi za msingi. Huo ndio ukweli wa kompyuta: inamtambua aliyeingizwa. Aliyezuiwa mlangoni na binadamu, mashine haimjui kabisa, na kila huduma ikihamia mtandaoni yeye anazidi kupotea.

Kwa hivyo tunachotaka Bunge lifanye si kigumu. Orodha moja ya karatasi zinazohitajika, iandikwe ndani ya sheria, itumike Kisumu kama inavyotumika Garissa. Muda maalumu wa kujibu. Kukataa kuwe kwa maandishi, kukitaja sababu na mahali pa kukata rufaa. Afisa anayedai kitu kilicho nje ya orodha aadhibiwe. Mwenye nia njema hana cha kuogopa hapo.

TUJIANGALIE NA SISI

Haki haidaiwi kwa mdomo mmoja huku mkono unafanya lingine. Kuna mambo yanatoka kwetu wenyewe.

Kwanza, vyeti vya kuzaliwa. Mama anajifungua nyumbani, jina linapewa siku ya saba, akika inachinjwa, watu wanakula na kuomba dua, na hakuna anayekwenda kusajili. Miaka 18 baadaye ndio mbio zinaanza. Baba uliyechinja mbuzi, kusajili mtoto hakuhitaji mbuzi.

Pili, wazee waliokaa katika kamati hizi walikuwa wetu. Si wageni. Baadhi walitetea watu kwa haki, Allah awalipe. Lakini wengine walipitisha watoto wa ukoo wao na kuwakwamisha wa ukoo mwingine, na wengine walikula. Ukimlaumu chifu kwa ubaguzi halafu wewe unamuuliza kijana "wewe ni mtoto wa mlango gani?" kabla ya kumshuhudia, umefanya lile lile.

Tatu, ile soda sisi ndio tunaitoa. Tunasema "hakuna njia nyingine". Lakini kila noti inayopita chini ya meza inamfundisha afisa kwamba kukwama kwako ni faida yake. Atakayekuja nyuma yako atakwama zaidi.

UFANYE NINI

Ikiwa kwenu msasa umekwisha, alhamdulillahi. Ikiwa bado unazungushwa, au mwanao anazungushwa, shika haya.

Jua unachosimamia. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema kila raia ana haki ya kupewa pasipoti na hati za usajili na utambulisho. Kifungu cha 14 kinasema wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia. Zingatia neno "au". Mama peke yake anatosha. Dada zetu wanaolea peke yao wasikubali kuambiwa "mlete baba yake". Kifungu cha 27 kinakataza kubagua mtu kwa kabila, dini au asili yake.

Nenda na nakala, na zako za asili zibaki nyumbani au mkononi mwako. Cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, cheti cha shule. Ukipewa karatasi ya kungojea, ipige picha siku hiyo hiyo, mtumie mtu mwingine akuhifadhie.

Andika tarehe kila unapokwenda, jina la ofisi, aliyekuhudumia na alichokwambia. Daftari la shilingi ishirini linatosha. Malalamiko yenye tarehe sita yana uzito kuliko hasira ya mwaka mzima.

Ukikataliwa au ukidaiwa kitu cha ziada, omba sababu kwa maandishi. Hapa ndipo wengi wetu tunaogopa. Usiogope, na wala usigombane. Sema kwa heshima: "Mzee chifu, naomba uniandikie kilichokosekana, ili nikakitafute." Haki hiyo iko kwenye kifungu cha 47 cha Katiba, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki wa Shughuli za Utawala ya mwaka 2015 inaipa meno. Afisa akiombwa sababu na akashindwa kuzitoa, uamuzi wake huhesabiwa kwamba ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka athibitishe kinyume. Yaani kunyamaza kwake kunakuwa ushahidi wako. Akikataa hata kuandika, andika wewe barua mbili, moja mpe, ya pili agonge muhuri wa kupokea ubaki nayo.

Kisha peleka mbele. Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman, hupokea malalamiko bila malipo, na kazi yake ni hii hasa: kucheleweshwa, kuzungushwa, kunyanyaswa na ofisi ya umma. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu nayo ipo. Mwakilishi wako bungeni yupo, na anajua uchaguzi ni Agosti 2027. Yeye hasa anafaa kuulizwa swali hili hadharani: marekebisho ya sheria ya usajili yako wapi? Usimuulize kuhusu kadi ya mwanao peke yake, maana hiyo ataimaliza kwa simu moja, na kesho mtoto wa jirani atakwama pale pale.

Na wewe uliyepata kadi yako bila shida, una kazi yako pia. Msindikize aliyekwama. Kijana wa miaka 18 akisimama peke yake mbele ya ofisi ya serikali ni rahisi kumfukuza. Akiwa na mwalimu wake, jirani yake Mkristo aliyemwona akizaliwa na mama aliyemzaa, lugha ya ofisi inabadilika. Misikiti yetu ina kamati za maziko na kamati za harusi. Kuweka watu watatu wa kushughulikia karatasi za vijana, wanaojua masharti na wanaotunza rekodi, kunahitaji meza moja baada ya sala ya Ijumaa.

Kuna kijana mahali fulani katika mtaa wako ambaye matokeo yake ya mtihani ni mazuri na ambaye amekaa nyumbani. Ukimuuliza atasema "nangoja". Muulize anangoja nini, tangu lini, na nani alimwambia angoje. Akikosa jibu la kukuonyesha kwenye karatasi, basi mkashike njia pamoja Jumatatu asubuhi mkalidai.